Sura ya Saba: Bisibisi Sikioni

Anayetoka Vwawa kwenda Tunduma hupita Mpemba kabla hajaanza kuiona foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Hapo Mpemba yuko fundi mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, asiye na kompyuta ya kupimia gari. Ana bisibisi. Ni ndefu, urefu wa mkono wa mtoto, na mpini wake uliopasuka ameuzungushia mpira wa tyubu mpaka umekuwa mnene kama gunzi. Dereva akimletea lori linalolia, mzee humwambia aliache lingurume bila gia, kisha hutandika boksi chini, huingia uvunguni, huweka ncha ya bisibisi juu ya giaboksi na kuuegemeza mpini kwenye sikio la kulia. Hufumba macho. Husogeza ncha hapa, husogeza pale, kama nesi anayetafuta mapigo kifuani mwa mgonjwa.

Siku niliyokuwa pale kijana mmoja alileta hosi yenye trela, mzigo wa Lubumbashi. Mzee alikaa uvunguni muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai.

"Beringi," akasema akiwa bado huko chini. "Ya mbele."

Kijana hakufurahi. Foleni ilikuwa imeanza kusogea, na nafasi yake angeipoteza. "Shikamoo mzee wangu, naomba nivuke nayo hivyo hivyo. Nitaibadilisha nikirudi."

"Marahaba. Vuka, mwanangu. Ila Mpika hutafika."

Kijana akazima injini, akashuka, akaanza kupiga simu kwa tajiri wake kuomba hela ya spea.

Nilikuwa nimekwenda Tunduma kuwatafuta wazee walioendesha malori njia ya Zambia enzi barabara ni vumbi na tope, na katika mpango wa kitabu hiki nilikuwa nimewaweka mbali na madereva wa mashindano. Bisibisi ile ilinivurugia mpango. Maana dereva ninayemheshimu kuliko wote walioshindana katika ardhi ya Afrika Mashariki, Joginder Singh, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Na yule ambaye Wamarekani wengi humtaja wa kwanza wakizungumzia mbio zao, A. J. Foyt, naye alilelewa gereji. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, Foyt akazaliwa Houston, Texas, mwaka 1935. Kila mmoja alikimbia katika dunia yake, lakini nikiwasoma pamoja naona watu wa ukoo mmoja, na ukoo wenyewe ni huu wa mzee wa Mpemba.

Nianze na Mmarekani.

Gari lililompa jina Foyt halifanani na chochote kinachopita Tunduma. Lina kiti kimoja. Halina paa, halina milango, halina madigadi. Magurudumu manne yamechomoza nje ya bodi kama miguu ya panzi. Ndiyo maana mbio hizo huitwa za magurudumu wazi. Gurudumu la mmoja likigusa la mwenzake kwa kasi ile, gari hurushwa hewani. Mbio zao kubwa kuliko zote hufanyika Indianapolis kila mwisho wa Mei, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1909. Duru moja ni kilomita 4, na dereva huizunguka mara 200, akikata kushoto tu, mpaka atimize kilomita 800 na kidogo. Chukua safari ya kutoka Tunduma mpaka maeneo ya Chalinze, ikunje, iweke yote ndani ya uwanja mmoja.

Baba yake Foyt alikuwa na gereji Houston na alikuwa akiandaa magari madogo ya mbio. Mtoto hajafika umri wa shule, baba akamuundia kigari chake. Alipokuwa na miaka kumi na moja hivi, wazazi wakiwa wamesafiri, alilitoa gari la mbio la baba yake akalizungusha uani usiku mpaka majani yakang'oka na injini ikashika moto. Mzazi mwingine angefunga gereji kwa kufuli. Huyu aliona kwamba kijana hatashikika, akaanza kumfundisha kazi, na miaka mingi baadaye baba huyo huyo ndiye aliyesimamia mafundi wa mwanawe pale Indianapolis.

Foyt alishinda Indianapolis mwaka 1961, 1964, 1967 na 1977, akawa mtu wa kwanza kuzishinda mbio hizo mara nne. Alianza kushiriki mwaka 1958 na hakukosa hata mwaka mmoja mpaka 1992: miaka 35 mfululizo. Ushindi wa 1964 uliangukia siku ya msiba, kwani duru ya pili tu magari yaligongana na kulipuka, na madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, wakafariki. Baadhi ya washindani walikuwa wamehamia magari mapya yenye injini nyuma. Foyt alibaki na lile la zamani lenye injini mbele, alilolijua kila nati, na ndilo gari la mwisho la aina hiyo kushinda pale. Januari 1965, katika mbio za magari ya bodi huko Riverside, California, breki zilimwishia, gari likaporomoka na kubingirika. Daktari wa uwanja alidhani amekufa. Dereva mwenzake, Parnelli Jones, ndiye aliyeona anacheza, akamtoa udongo kinywani apate hewa. Mgongo ulivunjika. Mwaka huo huo alirudi kwenye usukani.

Jina hilo la Parnelli Jones tutakutana nalo tena.

Huku kwetu nako palikuwa na kiwanja cha kuzunguka, Langa Langa, katika Bonde la Ufa la Kenya. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil, mmoja wa walowezi waliopenda magari, alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane pale, na binamu huyo akasema hakuna kinachochosha kama kwenda mviringo na kurudi pale pale alipoanzia. Akataka mbio za kutoka nyumbani, kwenda mbali, na kurejea. Mwaka 1953, kwa kisingizio cha kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, mashindano yakaanzishwa, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na tangu 1974 yakajulikana kama Safari Rally.

Ili msomaji aelewe kwa nini fundi alikuwa na nafasi kubwa humo, inabidi ajue namna mashindano yale yalivyoendeshwa. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, na ng'ombe, na watoto wanaotoka shule. Njiani kulikuwa na vituo vyenye saa. Kila dakika uliyochelewa kufika kituoni iliandikwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Dereva na msoma ramani wake walikwenda kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, kwa siku chache za Pasaka, yaani masika yanapokuwa yameshika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga gari lilizama mpaka milango isifunguke. Mwaka 1964 Erik Carlsson, dereva mashuhuri kutoka Sweden, alikwama na Saab yake ndogo, akaibiringisha kwa ubavu mpaka ikatoka matopeni. Waandishi hawakumwamini, naye akaibiringisha tena mbele yao.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mvua ilikuwa vile vile, na waliomaliza wakawa 7 tena. Mtu anayeshika usukani katika mashindano ya namna hiyo hawezi kuwa na wazo moja tu la kukanyaga mafuta. Kutwa nzima anajiuliza springi itastahimili mashimo mangapi, klachi imebakiza nini, ule mlio ulioanza tangu alfajiri ni wa kitu gani. Nadhani hapo ndipo kuna jibu la jambo lililowashangaza watu wa Ulaya kwa muda mrefu: viwanda vyao vilileta madereva bora na magari mapya mwaka baada ya mwaka, na tangu 1953 hadi 1971 hakuna hata mmoja kutoka nje aliyeondoka na kombe. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyevunja mwiko huo, mwaka 1972.

Baba yake Joginder, Battan Singh, alitoka Punjab akaja Kenya kutafuta maisha, na maisha akayapata kwenye magari. Joginder alikuwa mtoto wake wa kwanza. Miji mingi ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa na gereji au kiwanda cha mbao cha Singasinga, na kijana aliyekulia humo alijifunza kazi kwa kushikiwa taa na kushika taa: leo unamulika baba akifungua injini, kesho unafungua wewe anamulika yeye. Kabla ya jina lake kujulikana, Joginder aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wa doria wa barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafikia walioharibikiwa njiani na kuwatoa.

Kazi hii waandishi wengi huitaja kwa sentensi moja wakakimbilia makombe. Mimi naomba tuikalie. Mtu wa doria anakuta gari la mtu asiyemjua, limesimama mahali asipopachagua, na vifaa alivyonavyo ni vile vilivyo kwenye sanduku lake tu. Akikosa mkanda wa feni hutafuta cha kuufanyia kazi yake. Rejeta ikitoboka huziba kwa alichonacho. Tena hujifunza barabara zenyewe: kona gani huteleza mvua ikinyesha kidogo, mto gani hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, kijiji gani kina watu watakaokuja kusukuma. Joginder alilipwa mshahara kujifunza mambo ambayo wapinzani wake wa Ulaya walikuja kuyajua wakiwa tayari wamekwama.

Alianza kushindana mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 alijiandikisha pamoja na mdogo wake, Jaswant, na gari walilokuwa nalo lilikuwa Volvo PV544, lenye mgongo wa duara, ambalo lilikwishatumiwa na timu ya kiwanda kabla halijaishia mikononi mwao. Kwa lugha ya leo tungesema mtumba. Walilifungua, wakalijenga upya. Kwenye kura ya kuanzia wakapata namba 1.

Namba 1 ina uzuri na ubaya wake. Wa mbele havuti vumbi la mtu, na tope analipita kabla halijakorogwa na wengine. Lakini ndiye anayegundua daraja lililosombwa, ndiye anayemkuta ng'ombe amelala barabarani, na hana alama ya tairi la mwenzake ya kumwonyesha kina cha maji. Hadi mwaka huo hakuna aliyekuwa amewahi kushinda Safari akiwa na namba hiyo. Ndugu wale wawili waliondoka wa kwanza, wakarejea wa kwanza, na aliyewafuata walimzidi kwa saa 1 na dakika 40. Ukilinganisha na mbio za siku hizi, ambapo mshindi hupatikana kwa sekunde, pengo lile halielezeki kwa kasi peke yake. Wengine walikuwa wamesimama wakitengeneza. Wao walikuwa wametengeneza kabla hawajaondoka nyumbani.

Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda mashindano ambayo hadi hapo yalikuwa mikononi mwa Wazungu, na Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache. Watu walimpa jina la Simba. Kilemba chake kikajulikana kuliko sura za mawaziri wengi.

Miezi saba baada ya Pasaka ile, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza, na mkasa ukafika mpaka Tunduma.

Zambia ilikuwa ikipata mafuta kupitia bandari ya Beira na Rhodesia. Vikwazo vilipoanza, njia hiyo ikafungwa. Waingereza, Wamarekani na Wakanada walibeba mafuta kwa ndege, yakiwa kwenye mapipa, lakini ndege haiwezi kulisha migodi ya nchi nzima. Ikabaki barabara: kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha ndani ya Zambia mpaka Kapiri Mposhi na kuendelea. Sehemu kubwa yake ilikuwa udongo mtupu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitaliano, ziliunda shirika la malori la pamoja, na Fiat nyingi zikaingizwa kwenye njia hiyo. Wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Malori yalipinduka, yakaungua, yakazama, na mabaki yake yakawa ndiyo alama za barabarani.

Leo ukiteremka mlima Senjele kwa lami, ukapita kibao kinachokuelekeza kwenye Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililotoka angani, ni vigumu kuipiga picha hali ya wakati ule. Semi moja ya leo hubeba uzito unaozidi wa kimondo kile, na dereva anaongea na simu. Mwaka 1966 dereva aliyebeba mapipa alishuka hapo kwa gia ile ile ambayo angepandia, mguu ukiwa tayari juu ya breki asiyoiamini, utingo akiwa na kigingi mkononi tayari kuruka na kukitupa chini ya tairi la nyuma. Mvua ikinyesha walilala hapo hapo, siku mbili, siku tano, wakila walichouziwa na wanakijiji. Mzee mmoja pale Tunduma aliniambia alijifunza kufungua na kufunga difu gizani kwa kupapasa, kwa sababu kuwasha taa karibu na mapipa ya petroli ni kujiua. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaomba tuagize chai nyingine.

Na katika Pasaka hizo hizo za 1966 na 1967, ushindi wa Safari ulichukuliwa na mtu wa Tanzania. Bert Shankland alizaliwa Uskoti lakini makazi yake yalikuwa kwetu, na akiwa na msoma ramani wake, Chris Rothwell, aliondoka na kombe miaka yote miwili ndani ya Peugeot 404. Gari hilo halikuwa geni kwa mtu yeyote. Lilikuwa teksi, lilikuwa gari la daktari, lilikuwa gari la mfanyabiashara wa kahawa. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968, na atakayetaka kujua kwa nini kizazi kizima cha watu wa Afrika Mashariki kiliiamini Peugeot, miaka hiyo minne ni mahali pazuri pa kuanzia. Nasikitika kwamba vijana wetu wanaopenda magari wanaweza kukutajia madereva ishirini wa Ulaya bila kumtaja Shankland hata kwa bahati mbaya.

Tunarudi Indianapolis, mwaka ule ule wa 1967. Parnelli Jones, aliyemtoa Foyt udongo kinywani, alikuja na gari la ajabu, lenye injini ya tabini kama ya ndege, lisilotoa mlio wa kawaida bali mvumo. Mbio zilianza tarehe 30 Mei, mvua ikazikatiza, zikamaliziwa kesho yake. Jones aliwaacha wote. Hakuna aliyekuwa na gari la kumfikia, na Foyt, aliyekuwa wa pili kwenye gari lililoundwa na timu yake mwenyewe, alilijua hilo. Alichofanya ni kutunza gari lake na kungoja. Zikiwa zimebaki duru zisizozidi nne, gari la Jones likaishiwa nguvu na kujikokota pembeni. Ndani ya giaboksi ilikuwa imevunjika beringi. Bei yake, kwa jinsi inavyosimuliwa mpaka leo, ilikuwa dola 6.

Duru ya mwisho Foyt alipunguza mwendo kabla ya kona ya kuingilia kwenye mstari wa mwisho. Mbele yake magari yalikuwa yamegongana na kuzagaa njia nzima, moshi na vyuma. Mtu aliyekuja kwa kasi ya siku zote angeingia katikati yao. Yeye alipenya, huku, kule, akavuka mstari. Siku chache baadaye alikwenda Ufaransa, na pamoja na Dan Gurney akashinda mbio za saa 24 za Le Mans.

Niliposimulia habari ya beringi hiyo pale Mpemba, mzee aliacha kufuta mikono. Aliniuliza kama ilikuwa ya mbele au ya nyuma. Sikujua.

Ya Joginder yaliyobaki yanaweza kusimuliwa kwa upesi zaidi, ingawa ndiyo yaliyompa sifa ya dunia. Mwaka 1974, akiwa na msoma ramani David Doig, alichukua gari dogo la Kijapani ambalo wakubwa wa mashindano hawakulihesabu, Mitsubishi Colt Lancer ya 1600. Masika yalikuwa makali. Nyuma yake kwenye matokeo alikuwapo Björn Waldegård wa Sweden ndani ya Porsche yenye nguvu zaidi kwa mbali. Mwaka 1976 alishinda tena kwa gari la aina hiyo, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu hubishana nani zaidi kati yao, na ubishi huo sijawahi kuuchoka.

Lakini nikibanwa nichague takwimu moja tu ya maisha ya Joginder, siichagui ile ya makombe matatu. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza mara 19. Irudie akilini ukikumbuka miaka ambayo yalimaliza magari saba. Ilikuwa kazi ya kulisikiliza gari kwa siku nne, kulipunguzia pale linapoomba kupunguziwa, kulitengeneza kandoni kwa tochi, kuondoka tena. Alikuwa na umri wa miaka 44 aliposhinda mara ya tatu. Mwaka uliofuata, 1977, Foyt, akiwa na miaka 42, alishinda Indianapolis mara ya nne kwenye gari jingine la kuundwa na watu wake. Mwaka 1990 aliumia vibaya miguu yote miwili katika ajali huko Wisconsin. 1991 alirudi Indianapolis akapata nafasi ya pili ya kuanzia, akiwa na miaka 56. Alistaafu 1993. Joginder aliishi hadi Oktoba 2013, akafariki London akiwa na miaka 81.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Zambia wakati giaboksi ya yule kijana inarudishwa mahali pake. Spea ilikuwa imepatikana mjini, na vijana wa mzee walikuwa wamelowa oili mpaka viwikoni. Mzee aliichukua beringi iliyotolewa, akaifuta kwa tambara, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio langu.

"Sikiliza."

Kwa macho ilikuwa nzima kabisa, inang'aa. Ndani yake nikasikia kama mchanga unasagwa, mbali sana.

"Huyo Singasinga wako," akaniuliza, "gari lake la Kijapani lilikuwa na injini kubwa kiasi gani?"

"Elfu moja na mia sita, mzee."

"Kama Carina."

"Kama Carina."

Alitikisa kichwa, akaitia ile beringi mbovu mfukoni mwa koti. Kijana alikuwa amekwisha panda kwenye kabini. Mzee akatandika boksi lake chini, akaingia tena uvunguni na bisibisi, kisha akatoa mkono mmoja nje kumwashiria awashe.